Unaleta mbwa wa pili na wa kwanza bado yupo? Fanya hivi, usikimbilie kufungua geti

Watu wengi wanaleta mbwa wa pili kwa staili moja. Wanamchukua kwa rafiki au kwenye kituo cha kuokoa wanyama, wanampakia kwenye buti la gari, wanafika nyumbani, geti linafunguliwa, mgeni anashushwa katikati ya uwanja alafu wote wanasimama pembeni kuangalia itakuaje. Haipiti dakika mbili wa zamani ashamrukia, mgeni kajificha chini ya gari, watoto wanapiga kelele, mlinzi kashika fimbo, na kuanzia hapo hao mbwa wawili wanajuana kwa ubaya. Baada ya hapo utasikia "huyu mbwa wetu mkali, hataki wenzie". Sio kweli, hakupewa nafasi tu. Mbwa wa zamani ndo bi mkubwa wa hiyo nyumba, kila kona ina harufu yake, bakuli analijua, saa ya kula anaijua, alafu ghafla kaletewa mtu bila taarifa. Kila hatua ninayoandika hapa lengo lake ni moja, huyo wa kwanza ampokee mgeni akiwa ametulia na asione kama anaporwa. Inachukua wiki kadhaa, kwa mbwa wengine miezi, na inawezekana kabisa hata kwa hawa mbwa wetu wa ulinzi ambao wanafungwa mchana na kufunguliwa usiku.

Hatua ya kwanza: muangalie vizuri uliye naye

Mbwa wengi wa huku kwetu wamekulia ndani ya fensi, hawajawahi kukutana na mbwa mwingine uso kwa uso zaidi ya kubwekeana na wa jirani kupitia uwazi wa chini ya geti. Mbwa wa hivyo huwezi kujua kama anapenda wenzie au la mpaka umtoe. Kwahiyo mvalishe kola, mtoe na kamba asubuhi mapema kabla njia haijawa na watu, mpitishe mbali na mbwa wengine uangalie anafanyaje. Akimuona mwenzie akawa anaangalia, mwili umelegea, mkia unapepea pamoja na kiuno, na ukimuita jina anageuka, hapo huna shida. Akikakamaa, mdomo kaufunga, macho yameganda kwa yule mwenzie na hata umuite vipi hasikii, huyo bado, anza na kazi ya kumzoesha kamba na kuitika jina kabla ya kufikiria mgeni.

Na kama hajawahi kuvaa kamba kabisa, usingoje siku mgeni anakuja ndo umvalishe. Atahangaika na kamba, atahangaika na mgeni, na vyote viwili ataviunganisha kichwani. Mpe wiki mbili za kutoka nayo kila siku, hata kama ni dakika kumi tu kuzunguka mtaa.

Kingine, usilete wa pili ili arekebishe tabia za wa kwanza. Anayetoroka kupitia tundu la fensi atamuonyesha mwenzie tundu lilipo, anayebweka usiku kucha atapata wa kuitikiana naye, anayefukua maua utakuwa na wafukuaji wawili. Maliza la wa kwanza kwanza. Na kama wako ni mzee, anaamka kwa shida, nyonga zinamuuma, usimletee mtoto wa mbwa wa miezi miwili anayeruka juu ya watu kutwa nzima, ni kumtesa mzee wa watu. Huyo akiletewa mwenzie basi awe mtu mzima mtulivu. Jike mwenye watoto au mwenye mimba nae usimletee mgeni wa aina yoyote, subiri alee amalize.

Hatua ya pili: umchague yupi

Dume na jike ndo mchanganyiko unaokubali kirahisi kuliko yote. Madume wawili inawezekana hasa wakiwa wamehasiwa. Majike wawili wenye umri unaokaribiana ndo wa kuwaangalia sana maana wakigombana kweli wanaumizana na hawasahau haraka, sisemi haiwezekani, wapo wengi wanaoishi vizuri, ila usiwachukulie poa.

Ukichukua dume na jike basi suala la kuzaliana liamue kabla, sio baadae. Jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka, kila mara inachukua takriban wiki 3, mimba ni kama siku 63, na anaweza kukuzalia watoto sita mpaka nane kwa mpigo. Nani atawachukua wote hao? Ndo maana mitaani kumejaa mbwa koko. Wahasi wote wawili, na ujue dume aliyehasiwa leo bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa zinazofuata kwahiyo watenge kwa mwezi hivi kama jike hajafanyiwa.

Kwa umri, subiri wa kwanza awe na kama mwaka mmoja na nusu au miwili, akili imetulia na mambo ya nyumbani ameshayashika, maana mgeni atamuiga yeye. Na usichukue ndugu wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja ukidhani umepunguza kazi, mara nyingi wanashikamana wao kwa wao na wewe hawakusikilizi, wengine wakikomaa wanageukiana.

Wapi pa kumpata? Kuna mashirika ya kutetea wanyama: Nairobi kuna KSPCA pale Karen, Arusha kuna Mbwa wa Africa upande wa Usa River, Dar kuna TAWESO. Uzuri wa mbwa aliyetoka sehemu kama hizo ni kwamba wanaomlea wanamjua, waulize anakula vipi akiwa na wenzie, anaogopa nini, alishawahi kupigana, na omba kama unaweza kwenda na mbwa wako wakaonane kwa mbali hukohuko kabla hujaamua. Na mbwa wa kienyeji msimdharau jamani, ni mgumu kwa magonjwa mengi, ana akili, anakula cha nyumbani na anajua kuishi na wenzie kuliko shepadi wa bei mbaya aliyefungiwa tangu mtoto.

Hatua ya tatu: afya kabla ya urafiki

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua mbwa kuliko hata ugomvi. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, ila kwa mbwa mgeni anaweza kuja mwenyeji akafa.

Mgeni kaa naye mbali na wa zamani kwa wiki mbili. Chumba cha stoo, banda la pembeni, kwa ndugu, popote ambapo hawatagusana pua. Sababu ya wiki mbili ni kwamba paro (parvo), ule ugonjwa wa kuharisha damu na kutapika unaoua watoto wa mbwa, mara nyingi unajitokeza ndani ya wiki moja mpaka mbili tangu aambukizwe, na distempa nayo, ile ya makamasi, kikohozi na baadae degedege, inaanza kujionyesha katika kipindi hichohicho au inachelewa kidogo. Kirusi cha paro kinakaa kwenye udongo miezi mingi sana, hata mwaka, kwahiyo mgeni akiharishia uwanjani kwako sio kwamba utafagia yakaisha. Muhudumie wa zamani kwanza, mgeni mwisho. Ndala za kuingia kwa mgeni ziwe za hukohuko, bakuli lake lisiingie jikoni kuoshwa na la mwenzie, na sakafu isafishwe kwa sabuni kwanza uchafu wote utoke ndo upake Jik iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa ishirini, iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Ukimwaga Jik juu ya kinyesi umepoteza Jik.

Chanjo. Kichaa cha mbwa hakina mjadala, wote wawili wawe wamechanjwa na kadi ziwepo. Mtoto anachanjwa akifika miezi mitatu, alafu inarudiwa kila mwaka kama dokta atakavyokupangia. Usije ukafikiri zile wiki mbili za kumtenga zinakuhakikishia hana kichaa, hapana, kinaweza kukaa mwilini miezi bila dalili, kwahiyo mbwa koko uliyemuokota mwenye tabia zilizobadilika ghafla, anang'ata hewa, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, usimsogelee wala usimlete nyumbani, toa taarifa kwa ofisa mifugo. Binadamu karibu wote wanaokufa kwa kichaa wameambukizwa na mbwa, na ukishaanza kuumwa hamna dawa. Zile chanjo nyingine za pamoja, za paro na distempa, mtoto anaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wa kwako wa zamani nae angalia tarehe, watu wengi walichanja akiwa mdogo wakasahau.

Kupe. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa anajificha kwenye nyufa za ukuta wa banda, na ndo anayesambaza homa za damu, mbwa anakonda, fizi zinakuwa nyeupe, anatoka damu puani. Mkague mgeni kidole kwa kidole: ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia, shingoni chini ya kola. Alafu tafadhali, msikadirie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Naona sana mtu anamimina kwa jicho kwenye ndoo anamuogesha mbwa, jioni mbwa anatetemeka na kutoa povu. Ivermectin ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu, nayo hivyohivyo, baadhi ya mbwa wa jamii ya collie na shepadi wanadhurika nayo vibaya hata kwa kiasi kidogo. Nenda kwa dokta akupimie kwa kilo.

Dawa ya minyoo wape wote wawili siku moja, na wanarudia kila baada ya miezi mitatu. Mtoto anapewa mara nyingi zaidi, kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu.

La mwisho kwenye afya, na hili huwa halitajwi kabisa: kama mgeni ni mtu mzima aliyetoka mtaani, mwambie dokta amkague sehemu za siri. Kuna uvimbe wa kansa unaoambukizwa kwa kupandana, upo sana kwa mbwa wa mitaani huku kwetu, dalili yake ni damu kudondoka kidogokidogo na kinyama kama koliflawa. Unaambukiza hata kwa kunusa na kulamba. Habari njema unatibika, mara nyingi sindano moja kila wiki kwa wiki kadhaa na unaisha kabisa, kwahiyo sio sababu ya kumkataa mbwa, ila apone ndo wakutane.

Hatua ya nne: uwanja uwe tayari

Banda la pili lazima. Kuwaweka wawili kwenye banda moja siku za mwanzo ndo kosa kubwa kuliko yote kwa mfumo wetu wa kufungia mbwa mchana, maana aliyezidiwa hana pa kukimbilia. Kama hela ya banda jipya haijapatikana, gawa lililopo kwa mbao au wavu na kila upande uwe na mlango wake wa nje. Yasitazamane mlango kwa mlango, kukodoleana macho kutwa nzima kunapandisha hasira, weka hata bati au gunia katikati.

Bakuli za chakula mbili, za maji mbili au tatu sehemu tofauti. Mifupa yote iliyofukiwa na kutupwa uwanjani okota, mipira, kiatu anachokipenda, toa. Ziba matundu ya fensi, mbwa mgeni aliyeogopa anapita sehemu ambayo hukuamini mbwa anapita.

Ongea na watu wa nyumbani pia. Mlinzi, dada wa kazi, wapangaji, watoto, wote wajue geti lipi halifunguliwi na mbwa yupi hatolewi bila ruhusa. Mpango mzuri unavunjwa na mtu mmoja aliyefungua banda kwa sababu mbwa alikuwa analia. Na kama una jirani au mpangaji Muislamu, mueleze mapema mbwa wameongezeka, watafungwa saa ngapi, ili apite anapopita bila kulambwa nguo anayoendea kuswalia. Ni heshima tu na inakuepushia kesi nyingi.

Hatua ya tano: wajuane kwa harufu

Mbwa anajua mtu kwa pua kabla ya macho. Chukua gunia au kanga kuukuu aliyolalia mgeni, ipeleke kwa wa zamani, ya wa zamani ipeleke kwa mgeni. Fanya hili baada ya dokta kusema mgeni yuko salama, ndani ya siku za mwisho za kumtenga.

Alafu angalia. Jike wetu Tabu alipowekewa gunia la mgeni hakuliendea moja kwa moja, alilizunguka, akanyoosha shingo huku miguu ya nyuma imebaki palepale tayari kukimbia, akavuta harufu mara mbili tatu, akasimamisha manyoya ya mgongoni kuanzia shingo mpaka mkiani, akapiga chafya, akaondoka kwenda kunywa maji. Ndani ya dakika chache karudi tena, safari hii manyoya yamelala. Kesho yake kalilalia. Hiyo ndo ishara unayoitafuta, harufu imekuwa ya kawaida. Kila akinusa bila kunguruma mpe kipande cha nyama au dagaa papo hapo, ashike kichwani kwamba hiyo harufu ikija na kitu kizuri kinakuja.

Baada ya hapo wazungushe uwanja kwa zamu. Wa zamani akifungwa mgeni anatoka ananusa, kisha wanabadilishana. Bado hawajakutana.

Hatua ya sita: kukutana, na isiwe nyumbani

Tafuta sehemu ambayo sio ya yeyote. Kiwanja cha mpira asubuhi kabla wachezaji hawajaja, barabara ya pembeni isiyo na magari, shamba lililovunwa. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, na wote wawili wawe watu wazima watulivu. Watoto wabaki nyumbani siku hiyo. Wasiwe wamekula wakashiba, ili nyama mfukoni iwe na maana.

Anzeni mkiwa mbali, mita kumi na tano au ishirini, mtembee kuelekea upande mmoja sambamba, msielekeane uso kwa uso. Kutembea pamoja ndo siri yenyewe, mbwa wanaotembea wanapunguza presha, mbwa waliosimama wanatazamana wanaipandisha. Kamba ilegee! Ukiikaza mbwa anajua kuna jambo, na shingo ikivutwa juu anaonekana kwa mwenzie kama anataka kupigana hata kama hataki. Mkiona wote wanatembea wananusa majani na wanaangaliana kidogo kisha wanaachana, sogeeni mita chache. Mmoja akikakamaa, rudini mbali bila kugombeza mtu.

Wakishakuwa wametulia hatua tatu nne kutoka kila mmoja, waacheni wanusane kwa mzunguko, nyuma kwanza, sio pua kwa pua. Hesabu moja mbili tatu alafu waiteni kwa sauti ya furaha mwendelee kutembea. Rudieni. Hizo sekunde tatu ni muhimu, maana ugomvi mwingi unaanza pale wanaponusana muda mrefu, mmoja anachoka, mwingine haelewi.

Dalili nzuri: anainamisha mbele na kunyanyua makalio kutaka mchezo, anapindisha mwili, anajikung'uta kama katoka kwenye maji, anageuza kichwa pembeni. Dalili mbaya: mkia umesimama wima unatikisika kwa kasi fupi fupi, midomo imekazwa, kichwa kinawekwa juu ya bega la mwenzie, kimya. Mkia kutikisika sio lazima iwe furaha, angalia mwili mzima. Na hicho kimya kiogope kuliko mbweko.

Siku moja haitoshi mara nyingi. Fanyeni hivyo siku kadhaa mpaka wakionana asubuhi wanakuwa kama wanajuana.

Hatua ya saba: kuingia ndani

Siku wakiwa wametembea vizuri mpaka wamechoka, ingieni wote pamoja mkitokea matembezini. Msisimame getini, ule mlango ni mwembamba na ndo mpaka wa wa zamani, piteni moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja. Zungukeni hapo bado mkiwa na kamba. Baadae achieni kamba zikiwa bado zimening'inia shingoni zinaburuzika, ili likitokea jambo unakanyaga kamba, huingizi mkono kwenye shingo ya mbwa mwenye hasira.

Dakika kumi na tano za mwanzo zinatosha, wafunge kila mtu bandani kwake wapumzike. Mchana mara nyingine. Usiku kila mtu kwake. Msipokuwepo nyumbani kila mtu kwake. Hii ya msipokuwepo iendelee kwa wiki kadhaa hata kama mnaona washakuwa marafiki, msidanganyike na siku tatu za mwanzo maana mgeni siku hizo bado ana uoga na hajaonyesha tabia yake. Kwenye wiki ya tatu hivi ndo anaanza kujisikia wa kwao na kujaribu mipaka, na hapo ndo watu wanashangaa mbona walikuwa wanapatana.

Wa zamani usimpunguzie kitu. Muda wake wa kukaa na wewe, kuswakiwa, kutembea peke yake, vibaki vilevile. Ukija kutoka kazini wakakukimbilia wote, wasalimie wote kwa utulivu, usimbebe mgeni juu mbele ya mwenzie kwa sababu ni mdogo na mzuri.

Akimngurumia mgeni usimpige. Kunguruma ni kuongea, anasema sogea kidogo. Ukimpiga kila akinguruma atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila kuonya. Unachofanya ni kumuita mgeni asogee na wewe kuangalia kilichomkera ni nini, chakula, mlango wa banda, mahali pa kulala. Kama mgeni ni mtoto, mkubwa atamkaripia, atamfokea, pengine atamlaza chini kwa mdomo bila kumtoboa, hiyo ni malezi na muache. Ila mtoto akilia muda mrefu na mkubwa haachii, ingilia. Na mzee apewe sehemu ambayo mtoto hafiki kabisa.

Hatua ya nane: msosi

Ile sufuria moja ya ugali na dagaa inayotupwa katikati ya uwanja kila mtu ajipiganie iishe leo. Kila mbwa bandani kwake, mlango umefungwa, bakuli lake, na bakuli zinatolewa wote wakishamaliza ndo milango inafunguliwa. Sio kwa wiki ya kwanza tu, mimi naona iwe hivyo maisha yote, haikugharimu chochote na inaondoa sababu kubwa ya mbwa kupigana. Inakusaidia pia kujua nani hajala, maana mbwa asiyekula ni mbwa anayeumwa na kwenye sufuria ya pamoja hutamgundua.

Mifupa ya kupikwa usiwape kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Mfupa mbichi mkubwa mpe kila mtu akiwa kafungiwa kwake, na uuondoe huo mfupa hamu yake ikiisha. Sikukuu ndo za kuwa makini zaidi, mbuzi kachinjwa, damu na utumbo vimezagaa, wageni wanatupa mifupa hovyo. Siku hiyo wafunge wote wawili mapema.

Hatua ya tisa: geti na kuwafungulia usiku

Mbwa wanaopatana mwaka mzima wanaweza kupigana getini. Mtu anapita nje, au mbwa koko, wote wanakimbilia geti kwa mori, hawamfikii aliyeko nje, mmoja anamgeukia aliye karibu. Wafundishe kuitika wakiwa getini: kila wakibweka uite, mwenye kuja apate kipande cha nyama. Sehemu ya chini ya geti yenye uwazi izibe kwa bati wasione miguu ya wapitaji, hii peke yake inapunguza kelele.

Kuwafungulia usiku pamoja iwe ya mwisho kabisa, baada ya kuona mchana wanakaa saa nyingi uwanjani bila wewe kuingilia, wanalala karibu, wanapishana mlangoni bila kukakamaa. Anza kwa usiku ambao wewe mwenyewe uko nyumbani, taa ya nje iwake, mlinzi awe anajua cha kufanya, na asubuhi wakague wote masikio, shingo na miguu ya mbele kama kuna matundu ya meno, maana manyoya yanaficha.

Wakipigana

Usiingize mkono katikati. Narudia, usiingize mkono, hata mbwa wako uliyemlea kwa chupa atakung'ata bila kujua ni wewe. Usipige kelele wala fimbo, inaongeza moto. Mwagia maji ya ndoo usoni au mpira wa maji wenye nguvu, kama hamna maji rushia blanketi juu ya vichwa vyao, au pitisha ubao mpana katikati. Mkiwa wawili na vyote vimeshindikana, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa wake karibu na mapaja, mnyanyue na kurudi nyuma kwa mduara mpaka kila mmoja bandani. Msiwaachie wakaonana tena siku hiyo. Tundu la jino linaonekana dogo juu wakati chini nyama imechanika na inaoza, kwahiyo dokta amuone hata kama mbwa anatembea.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, alafu hospitali siku hiyohiyo ukaelezwe habari ya sindano za kichaa, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo nenda nayo waione. Usifunge kitunguu wala usipake mafuta ya breki.

Ikigoma kabisa

Kupigana mara moja bila majeraha sio mwisho, rudi hatua mbili nyuma, kila mtu kwake, rudia matembezi ya sambamba. Ila wakishapigana mara kadhaa wakitoboana, au mmoja hatoki tena bandani, hataki kula, anakojoa akimuona mwenzie, hapo muwe wakweli. Kwanza dokta, maana maumivu ya meno, masikio au nyonga yanamfanya mbwa mpole kuwa mkali. Kama wote wazima unaweza kuishi nao kwa zamu, mmoja uwanjani mwingine ndani, watu wanaishi hivyo miaka na mbwa wanakuwa na raha zao. Na hilo likikushinda, mtafutie mgeni nyumba ambayo hamna mbwa mwingine, na umwambie anayemchukua ukweli wote kuhusu tabia yake. Ukimtoa kituoni, mara nyingi makubaliano yanasema arudishwe hukohuko, kwahiyo wapigie kwanza. Kumpakia kwenye gari na kumshusha sokoni au dampo usifanye, mbwa aliyezoea bakuli hajui kutafuta, atagongwa au atapigwa mawe, na Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomlinda mnyama dhidi ya ukatili. Na wa zamani usimpe mapumziko ya siku mbili tatu ukaleta mwingine, mpe miezi, atoke tena na kamba apishane na mbwa wengine njiani kwa amani, kisha anza upya kutoka hatua ya kwanza.